Huduma za afya ya akili katika zahanati na vituo vya afya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya waganga wafawidhi, maafisa tabibu, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii walioko Tanzania. Wenzao wa Kenya watakuta majina ya vyeo na fomu yanatofautiana, ila kazi ni ile ile. Ndugu wa mgonjwa naye anakaribishwa kusoma. Hakuna siri hapa.

Kwa nini zahanati, wakati kuna Mirembe na Muhimbili?

Kwa sababu mgonjwa yuko zahanati tayari. Mwenye sonona haji akisema "nina sonona". Anakuja na kichwa kinachouma mwezi wa tatu sasa, mgongo, moyo kwenda mbio, usingizi umekata, au anasema vidudu vinamtembea kichwani. Anapimwa malaria, hana. Anapewa panadol, na baada ya wiki mbili amerudi kwenye foleni ile ile. Kila ujio umetumia kipimo, dawa na muda wa mhudumu, na kinachomsumbua hakijaguswa.

Umbali ni sababu ya pili. Hospitali ya Mirembe iko Dodoma tangu miaka ya 1920. Mgonjwa wa saikosisi (anayesikia au kuamini yasiyokuwepo) kutoka Kigoma hasafiri peke yake: ni nauli ya watu wawili, chakula cha watu wawili, na kazi ya shamba iliyolala. Akiruhusiwa anapewa dawa za mwezi mmoja. Mwezi wa pili dawa zimekwisha, na zahanati ya kijijini kwake haina habari kwamba alilazwa. Mwezi wa nne anapandishwa basi tena.

Wazo lenyewe si geni. Mkutano wa kimataifa wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulipendekeza afya ya akili iwe ndani ya huduma za msingi, na miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa kati ya nchi za mwanzo Afrika kujaribu, ikianzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Ugumu umekuwa kuidumisha.

Ni magonjwa gani yanayotibika ngazi hii?

Sonona, wasiwasi uliopitiliza, saikosisi, kifafa, matatizo ya pombe, na huduma ya kwanza kwa aliyejidhuru au anayefikiria kujiua. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, uliotoka mwaka 2010 na toleo la pili mwaka 2016, umeandikwa kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si wa akili, lakini kimewekwa pamoja kwa sababu mhudumu ni yule yule, dawa ni za kila siku vile vile, na unyanyapaa ni ule ule.

Lazima tuwe na daktari bingwa?

Hapana. Lazima muwe na mtu wa kumpigia simu mnapokwama. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Nimchunguze nani, na nimuulize nini? Kwa siku naona wagonjwa sitini.

Usimchunguze kila anayeingia. Anza na makundi haya: anayerudi mara kwa mara na maumivu yasiyo na maelezo, mama mjamzito na aliyejifungua ndani ya mwaka, mgonjwa wa CTC (kliniki ya VVU), wa kifua kikuu, wa kisukari na wa shinikizo la damu. Hapo ndipo utakapowapata wengi kwa muda mfupi.

Uliza maswali mawili kwanza: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa? Kila jibu lina alama 0 hadi 3: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku. Jumla ikifika 3, endelea na dodoso zima la PHQ-9. Lina maswali tisa na alama 27. Kuanzia 5 ni dalili nyepesi, 10 za kati, 15 za kati zinazoelekea kuwa nzito, 20 nzito. Lipo kwa Kiswahili, na limepimwa kwa wagonjwa wa Kenya na Tanzania.

Mambo mawili huharibu zoezi hili. La kwanza ni mhudumu kusoma maswali kama anayeita majina ya mahudhurio. Mgonjwa anajibu "hapana" mara tisa ili atoke. Soma taratibu, mtazame usoni, na neno "sonona" liache kwanza. Watu husema "nina mawazo", "nawaza sana", "moyo umekuwa mzito". Tumia maneno yake. La pili ni kuzifanya alama kuwa ugonjwa. Aliyefiwa na mtoto wiki iliyopita atapata alama 16, naye ana msiba. Huyo mpe pole, mkalishe karibu na wanaomfariji, mwite baada ya wiki mbili. Usimwandikie dawa kwa ajili ya msiba.

Swali la tisa, la kutaka kufa, naogopa kuliuliza. Si litampa wazo?

Halimpi wazo. Mwenye wazo hilo tayari analo, na mara nyingi wewe ndiye wa kwanza kumwuliza kwa upole. Likija jibu lolote zaidi ya "hapana kabisa", weka kalamu chini. Uliza hatua kwa hatua: umewaza ungefanyaje? Una kitu hicho nyumbani? Umeshajaribu? Lini? Kitu gani kimekuzuia hadi leo?

Mwenye mpango na njia mkononi haachwi peke yake hata kwenda chooni. Mwite ndugu anayemwamini, kwa ridhaa yake, na mpange pamoja leo leo: viuatilifu, dawa ya panya na dawa za kuogeshea mifugo zitoke nyumbani au zifungiwe kwa jirani, vidonge vyote vikae kwa mtu mwingine, na alale na mtu. Kisha rufaa au simu kwa mratibu wa afya ya akili wa halmashauri. Asiye na mpango mrudishe ndani ya siku chache, si mwezi ujao.

Kuhusu sheria: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, ndiyo maana familia huficha na kusema "alikunywa kwa bahati mbaya". Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Kwa mhudumu, aliyekunywa sumu ni mgonjwa wa dharura. Matibabu hayasubiri PF3, fomu ya polisi.

Kaletwa amechanganyikiwa ghafla, amefungwa kamba. Nianzie wapi?

Anzia mwilini. Kuchanganyikiwa kulikoanza jana au juzi ni ugonjwa wa mwili hadi ithibitike vinginevyo. Pima joto, mapigo, shinikizo na hewa ya oksijeni. Pima sukari, ikiwa chini mtibu hapo hapo. Kipimo cha haraka cha malaria. Angalia shingo kama imekakamaa. Uliza VVU, jeraha la kichwa, na pombe: mnywaji wa kila siku aliyeacha ghafla anaweza kuanza kutetemeka, kuona vitu na kupagawa siku ya pili hadi ya nne, na huyo anaweza kufa. Anahitaji diazepam, maji na thayamini (vitamini B1), na thayamini itangulie glukosi. Mama aliyejifungua wiki hii na sasa haeleweki ni dharura yenye maisha mawili ndani yake. Mtume hospitali siku hiyo hiyo, na mtoto wake.

Kamba zifunguliwe mapema iwezekanavyo. Sauti ya chini, watu wachache chumbani, njia ya kutokea wazi kwako na kwake. Wengi hutulia wakipewa maji na mtu mmoja wa kuongea naye. Asipotulia, haloperidol mg 1 hadi 5, ya kumeza akikubali, ya msuli akikataa, kisha mwangalie kupumua na mapigo.

Ndugu wanasema ni mapepo, wanataka kumpeleka kwa mganga au kwenye maombi.

Usishindane nao. Ukiwaambia "hizo ni imani potofu", wataondoka na mgonjwa. Waambie: maombi yaendelee, dawa nayo iendelee. Shikilia mambo matatu tu: asifungwe minyororo, asipigwe wala kunyimwa chakula, na asiachishwe vidonge. Viongozi wa dini na waganga wa tiba asili mkiwajua kwa majina, wengine ndio watakaokuletea wagonjwa wa kwanza.

Sonona ikihitaji dawa, nianze na ipi?

Dalili nyepesi hazihitaji dawa. Soma sehemu ya ushauri hapa chini. Za kati na nzito, fluoxetine ikiwepo ndiyo rahisi kwa mtu mzima: mg 10 asubuhi kwa wiki moja, kisha mg 20. Asubuhi, kwa sababu ikinywewa usiku inamkosesha usingizi. Kabla hujaandika, uliza kama amewahi kuwa na kipindi cha siku nyingi bila kulala, maneno mengi, kutapanya fedha, kujiona mkubwa kuliko watu wote. Kama ndiyo, usimwanzishie. Dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha huko tena. Huyo ni wa rufaa.

Amitriptyline inapatikana zaidi na bei yake ni ndogo: mg 25 usiku, ikiongezwa kidogo kidogo kila wiki. Ina hatari moja ambayo lazima ikae kichwani mwa kila anayetoa dawa. Vidonge vya mwezi mzima vikimezwa kwa pamoja vinasimamisha moyo. Mwenye mawazo ya kujiua usimpe zaidi ya dozi ya wiki moja, na akabidhiwe ndugu. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo waepuke. Mjamzito na anayenyonyesha waanze na ushauri, na dawa iandikwe baada ya kuongea na mtaalamu.

Sasa jambo linalofelisha matibabu kuliko dozi mbaya: hakuna aliyemwambia mgonjwa kwamba dawa hizi huchukua wiki nne hadi sita kufanya kazi, na kwamba kichefuchefu cha wiki ya kwanza hupita. Anakunywa siku tano, haoni kitu, anaziweka kabatini. Mwambie siku ya kwanza, mrudishe baada ya wiki moja au mbili, halafu kila mwezi. Akipona, aendelee miezi 9 hadi 12, ndipo mpunguze taratibu.

Diazepam si dawa ya sonona. Itampa usingizi wa siku chache na uraibu wa miaka.

Mgonjwa wa saikosisi alikuwa anaendelea vizuri, akaacha dawa. Kwa nini?

Mwulize madhara kabla ya kumlaumu. Haloperidol inaweza kupinda shingo, kugeuza macho juu, kukaza ulimi, kutetemesha mikono, au kumfanya mtu ashindwe kukaa kitako. Yaliyompata siku moja tu yanatosha kuiapiza dawa maisha yote. Anza na mg 1.5 hadi 3 kwa siku, ongeza polepole, na trihexyphenidyl iwe karibu kwa ajili ya kukaza huko. Sababu nyingine: amepona, anaona hana haja, au njaa, kwa kuwa vidonge bila chakula vinamlegeza. Sindano ya fluphenazine ya kila wiki mbili hadi nne huwafaa wanaosahau vidonge, kwa ridhaa yao, na kwa masharti kwamba haikosekani. Mwezi mmoja bila sindano, mmerudi mwanzo.

Kifafa: makosa gani tunayarudia?

Diazepam kuchomwa kwenye msuli wakati wa degedege. Kwenye msuli inanyonywa taratibu na bila uhakika. Mtu mzima mpe mg 10 polepole kwenye mshipa, au kwa njia ya haja kubwa mshipa ukikosekana, na rudia mara moja baada ya dakika 10 kama haijakoma. Mjamzito aliyepita wiki 20 mwenye degedege mfikirie kifafa cha mimba kwanza: magnesium sulfate.

Kosa jingine ni kila kliniki kuandika dawa peke yake. Dawa za kifafa carbamazepine na phenobarbital hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi. Msichana anapata mimba na analaumiwa yeye. Carbamazepine hushusha pia kiwango cha dolutegravir, dawa ya VVU, mwilini, na kwa kawaida dolutegravir hulazimika kuwa mg 50 mara mbili kwa siku. Hapa ndipo maana ya kuunganisha huduma inapoonekana kwa macho: faili moja, mtu mmoja anayesoma dawa zote. Valproate isianzishwe kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, kwa sababu ya ulemavu inaouleta kwa mtoto tumboni. Mwanamke yeyote anayetumia dawa za kifafa na anaweza kushika mimba apewe asidi ya foliki mg 5 kila siku.

Na dawa ya kifafa haikatizwi ghafla, hata siku moja. Hilo linatuleta kwenye stoo.

Dawa zinaisha kila mara. Tufanyeje?

Mara nyingi zinaisha kwa sababu ziliagizwa kwa kukisia. Hesabu kwa wagonjwa, si kwa makopo. Wagonjwa 40 wa fluoxetine mg 20, kidonge kimoja kwa siku, ni 40 × 30 = vidonge 1,200 kwa mwezi. Kwa kipindi cha maombi cha miezi miwili ni 2,400. Ongeza akiba ya mwezi mmoja, 1,200. Agizo ni 3,600, toa kilichopo stoo. Kama wagonjwa wanaongezeka watano kila mwezi, waingize kwenye hesabu.

Mtego uko hapa. Dawa ikiwa sifuri kwa mwezi mzima, leja inaonyesha "matumizi: 0", na agizo linalofuata, likifuata matumizi ya nyuma, linakuwa dogo zaidi. Baada ya vipindi viwili inaonekana kama zahanati haina wagonjwa. Andika siku ambazo dawa haikuwepo, na idadi ya waliorudishwa mikono mitupu. Bohari ya Dawa ikikosa, mganga mfawidhi atumie fedha za kituo kununua kwa utaratibu uliopo, akianza na phenobarbital au carbamazepine kabla ya nyingine zote.

Ushauri wa kisaikolojia nani atatoa, nasi hatuna mwanasaikolojia?

Muuguzi au mhudumu wa jamii aliyefundishwa na anayesimamiwa. Harare, Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha kina bibi wahudumu wa jamii kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua matatizo yao. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, katika kliniki 24 na watu 573, lilionyesha dalili zilipungua wazi kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Zanzibar nako mabenchi hayo yamefika.

Kinachofanyika ni hiki. Mama anasema ana deni la kikoba, mume hatumi fedha, mtoto amefukuzwa shule, halali. Mhudumu anayaandika yote, anasoma kwa sauti, anauliza: tuanze na lipi? Anachagua mama, si mhudumu. Akichagua deni, wanatafuta njia tatu au nne, hata zisizo nzuri, kisha moja inageuzwa kuwa hatua ya wiki hii: "Jumatano jioni nitakwenda kwa mwenyekiti wa kikoba kuomba kulipa elfu tano tano." Wiki ijayo wanaanza na swali moja: Jumatano ilikuwaje? Vikao vinne hadi sita vinatosha kwa wengi. Kosa la kawaida ni mhudumu kutoa mawaidha, "jikaze, mwombe Mungu, wenzako wana shida kubwa zaidi". Mgonjwa atakubali kwa adabu na hatarudi.

Hatuna chumba cha faragha.

Chumba chenye mlango kinapatikana hata kwa saa mbili: cha chanjo siku isiyo ya chanjo, au benchi chini ya mti ambapo foleni haisikii. Msibandike "Kliniki ya Wagonjwa wa Akili" mlangoni, wala kuwawekea siku yao peke yao ambayo mtaa mzima unaijua. Waingie na watu wa shinikizo na kisukari, kwa kadi za aina moja.

Watu wetu walikwenda mafunzo ya siku tano. Mbona huduma haikuanza?

Hili ndilo swali tunalotamani kila halmashauri ijiulize, kwa sababu fedha nyingi huishia hapo. Mhudumu anarudi na cheti na moyo wa kufanya kazi. Mgonjwa wa kwanza anakuja, dawa hakuna. Wa pili ana dalili ambazo hazikuwa kwenye slaidi, na hakuna wa kumwuliza. Wa tatu anamchukua dakika arobaini, foleni inalalamika. Baada ya miezi sita amehamishwa kituo.

Tengeni bajeti ya usimamizi kabla ya bajeti ya semina. Mratibu wa halmashauri afike kila mwezi kwa miezi sita ya kwanza, akae chumbani, aone wagonjwa wawili watatu pamoja na mhudumu, apitie faili tano na kuhesabu vidonge stoo. Katikati ya mwezi, simu. Fundisheni watu wasiopungua wawili kila kituo, mmoja wa kuandika dawa na mmoja wa ushauri, pamoja na mtoa dawa. Na dawa ziwe zimefika kabla ya tarehe ya mafunzo.

Mgonjwa alipe?

Sera ya msamaha ya Tanzania inataja magonjwa ya akili kati ya magonjwa sugu yanayosamehewa gharama katika vituo vya umma. Msamaha haumsaidii anayeambiwa "kanunue duka la nje", kwa hiyo rudi kwenye swali la stoo.

Rufaa ni lini, na inaandikwaje?

Hatari ya kujiua yenye mpango, saikosisi ya mjamzito au ya aliyejifungua karibuni, mtoto mwenye saikosisi, asiyepata nafuu baada ya dozi kamili kwa wiki sita, na dalili zozote za mwili usizozielewa. Barua iwe na dawa, dozi, tarehe ya kuanza, na namba ya simu ya kituo. Sentensi ya mwisho iombe majibu: tunaomba aruhusiwe na muhtasari, na ataendelea na dawa hapa. Bila sentensi hiyo mgonjwa harudi kwenu, anarudi nyumbani tu.

Tunamfuatiliaje asiyekuja tarehe yake?

Mbali na rejesta za MTUHA (mfumo wa taarifa za afya), wekeni daftari moja dogo: namba ya faili, dawa, tarehe ya kurudi, simu ya mgonjwa na ya ndugu aliyemchagua mwenyewe. Kila Ijumaa mtu mmoja apitie tarehe za wiki hiyo. Asiyefika anapigiwa simu ndani ya siku saba. Asipopatikana, mhudumu wa jamii anapita. Kwenye simu mhudumu ajitambulishe kwa jina lake, asitaje ugonjwa wala kliniki hadi athibitishe anayeongea naye ni mwenyewe. Daftari lifungiwe kabati moja na rejesta za CTC, na ufunguo usiachwe mlangoni.